Basi Linaloondoka Halina Njaa

Ninyi vijana mnaoingia jikoni siku hizi mna bahati ya gesi. Mnageuza kitufe moto unawaka, mnageuza tena umezima, na mtu hatoki mle ndani na macho mekundu kama aliyefiwa. Mimi nimepika kwa kuni na mkaa, kwenye hoteli ya kando ya barabara pale Mikumi, tangu nina nywele nyeusi mpaka nilipostaafu na kurudi huku Kimamba. Wengi mkija kunisalimia mnauliza siri ya wali. Nitawaambia, ila mnivumilie, maana mzee akianza na wali huishia kwa wanawe.

Hoteli yetu haikuwa ya kulala. Ilikuwa ya kula na kuondoka. Mabasi ya Dar es Salaam yaendayo Iringa, Mbeya na Songea yalimaliza mbuga, yakapanda matuta, yakaingia uani kwetu. Abiria walishuka wote kwa pamoja, nusu wakikimbilia kuchimba dawa na nusu wakikimbilia foleni ya chakula, na dereva alikula huku jicho moja liko kwenye saa. Baada ya muda mfupi uwanja ulikuwa mtupu, umebaki na maganda ya machungwa na mwanamke mmoja anayelaumu kwamba hajarudishiwa chenji.

Mkuu wa jiko alikuwa Bi Tausi, mwanamke mfupi aliyeweza kuinua sufuria ambayo mimi na mwenzangu tuliishika kwa zamu. Kila ninachokijua alinifundisha yeye, na mengi alinifundisha nikiwa nimeshakosea.

Kabla simu za mkononi hazijaenea tulitegemea honi. Kila dereva alikuwa na mlio wake, na alianza kuupiga akikaribia mji ili jiko lijiandae. Wiki yangu ya kwanza nilisikia honi ndefu, nikajua ni basi la Mbeya, nikapakua. Sahani zikajaa meza nzima: wali, maharage, mchicha, kipande cha nyama juu. Kumbe lilikuwa lori la saruji, na dereva wake kapenda honi za mabasi akajifungia moja. Akaingia na utingo wake, wakazitazama zile sahani, utingo akauliza kwa adabu kabisa kama kuna harusi. Bi Tausi hakunigombeza. Alinivutia kiti tu, akasema, "Haya, bwana harusi, kaa ule." Tangu siku hiyo sikupakua mpaka nione pua ya basi kwa macho yangu.

Simu zilipokuja, kazi ikawa nyepesi. Dereva alipiga akiwa Morogoro, akasema maneno mawili, "Leo napita." Shikeni neno hilo. Kwetu jikoni kupita kulikuwa ni kusimama, abiria wote washuke, wale. Asiyesimama hakuwa na haja ya kupiga simu. Ukiambiwa fulani anapita, unaosha mchele.

Siku nyingine Bi Tausi alinikuta nimesimama mlangoni nawapungia abiria mkono. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeusifia wali wangu mbele ya watu, nikaona si adabu aondoke bila kuagwa. Wakati huohuo maharage yalikuwa yanashika chini. Bi Tausi alinivuta sikio hadi kwenye mafiga, nami nilikuwa mtu mzima mwenye mke. "Basi linaloondoka halina njaa," akaniambia. "Wewe ni wa lile linalokuja." Nililichukua neno hilo kama sheria ya kazi, na kwa miaka mingi lilinitosha.

Sasa wali. Msipime maji kwa kikombe, kwa sababu mchele hauko sawa. Mpya unataka maji kidogo, uliokaa ghalani unataka mengi. Ingizeni kidole, ncha iguse mchele, maji yaishie kwenye pingili ya kwanza, kisha muongeze au mpunguze kwa kuujua mchele wenyewe. Maji yakikauka, punguzeni moto wa chini, palieni makaa juu ya mfuniko, muondoke. Anayefunuafunua sufuria hapiki, ana wasiwasi tu. Wali ukiungua, msikoroge hata kidogo. Uhamisheni ule wa juu kwenye chombo kingine, katieni kitunguu juu yake, mfunike, harufu itapungua, na mteja akiuliza mwambieni ndiyo kupika kwa kuni.

Mkishapakua wote, chini unabaki ukoko, ule wali ulioshikana na sufuria, mkavu, wa rangi ya chai, unaolia mdomoni. Mteja hapewi ukoko. Ukoko ni wa jikoni, na kwangu mimi ulikuwa wa nyumbani, kwa sababu nilikuwa naukwangua kila jioni, naufunga kwenye gazeti, naubeba.

Nilikuwa na watoto watatu, Eliza, Yona na Debora. Mama yao anapika vizuri kunishinda, na hata Bi Tausi alilikiri hilo, lakini hakuna aliyewahi kupigania chakula cha mama yao. Walipigania ukoko wangu. Walijua hatua zangu tangu njiani. Yona ndiye aliyekuwa mjanja. Aliwakumbusha dada yake na mdogo wake kwamba msichana akila ukoko, siku ya harusi yake mvua itanyesha. Debora aliogopa, akaacha sehemu yake. Eliza alijibu kwamba afadhali mvua. Na kweli, siku tunamuoza Eliza, mvua ilinyesha mpaka gari la maharusi likakwama kwenye tope, na Yona akavua viatu kulisukuma, akawa anamuuliza bibi harusi kupitia dirishani kama ukoko ulikuwa mtamu. Mama yao alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani mabichi na gauni lake jipya.

Waliondoka mmoja mmoja, kama watoto wote, na karibu wote waliondokea mbele yangu, kwa kuwa basi la kwenda shule na vyuo lilikuwa linasimama kwetu. Siku Yona anakwenda chuoni Mbeya, nilikuwa na sufuria mbili motoni na basi la Songea limeshapiga honi. Sikuwa na nafasi ya kumpa maneno ya baba. Nilikwangua ukoko, nikaufunga kwenye gazeti, nikampitishia dirishani. Akaanza kuula kabla basi halijang'oka, hata kunishukuru ilimbidi atafune kwanza. Nikarudi nikaosha mchele. Kila alipoondoka baada ya hapo, likizo kwa likizo, mkono ulitoka dirishani nami nikaweka gazeti mkononi.

Hivyo ndivyo jiko lilivyonisaidia, na sikujua kwamba linanisaidia. Mwanangu akiondoka, nilikuwa na uwanja mzima wa watu wengine wenye njaa. Kulikuwa na basi linalokuja. Nilipostaafu ndipo nilipogundua kwamba huku Kimamba hakuna basi linalokuja kwangu.

Mtacheka, lakini sikujua kupika wali wa mtu mmoja. Nilijua kupika wa basi zima na nilijua kupika wa familia. Wa mtu mmoja ulinishinda. Nikitumia sufuria ndogo, kidole kinagonga chini kabla maji hayajafika kwenye pingili. Nikitumia kubwa, mchele unatandazika, wote unakuwa ukoko, na meno yenyewe ndiyo haya. Nikiongeza mchele ili uive vizuri, unabaki, naupasha kesho, naupasha keshokutwa, mpaka kuku wa jirani wakaanza kunizoea na jirani akaniuliza kama nimeanza mradi.

Mwanzoni tulikuwa wawili, mimi na Mama Eliza. Kisha Eliza akajifungua Dar es Salaam, mama yake akaitwa kwenda kulea. Alipanda treni ya umeme pale Kilosa akiwa na begi dogo, kwa sababu ilikuwa ni kwa wiki chache. Mtoto huyo sasa anatembea. Simlaumu mtu. Eliza ana kazi, wasichana wa kazi hawakai, na bibi akishazoeleka na mjukuu hatoki kirahisi. Lakini hakuna aliyetuambia sisi akina baba kwamba watoto wakishaondoka, iko siku watarudi kumchukua na mama yao. Baba haitwi kulea. Baba hupigiwa simu akaulizwa kama amekula.

Nami hujibu kwamba nimekula. Debora hupiga kutoka Geita kila Jumapili baada ya ibada, namwambia nimekula. Mama Eliza hupiga jioni, namwambia nimekula na nimeshiba, huku sufuria iko juu ya kabati imepinduliwa. Mpishi mzima, nitamwambia nani kwamba wali umenishinda? Na ukweli wenyewe, kwamba chakula cha peke yangu kinanikaba kooni, huo naona haya zaidi kuusema. Saa za jioni ndizo mbaya. Watoto wa jirani wanaitwa kuoga, wanaitwa kula, majina yao yanaitwa moja moja, nami nakaa kwenye kigoda changu nasikiliza mpaka wote wameingia ndani. Naumia, vijana. Sina neno zuri zaidi la hilo.

Sasa nisikilizeni. Yona alipiga simu siku moja katikati ya wiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akaniambia amehamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, wanahama na mkewe na watoto wawili, mizigo imetangulia kwa lori, wao watafuata kwa basi jekundu. Akaniuliza afya, akaniuliza kama nimekula. Halafu akasema, "Jumamosi tutapita Mikumi, baba."

Sikumuuliza zaidi. Ningemuuliza nini? Mpishi wa Mikumi kaambiwa watu wanapita. Nilipokata simu nilikuwa nimeshaanza kuchagua mchele.

Jumamosi alfajiri nilitoa sufuria kubwa. Niliwasha mkaa, nikaingiza kidole, maji yakafika kwenye pingili mahali pake, na nawaambia mkono ulikumbuka kila kitu. Nikapalia makaa juu, nikaacha bila kufunua. Nikapika kuku wa kienyeji kwa nazi. Ukoko niliukwangua vipande vikubwa, nikaupanga juu ya wali ndani ya hotpoti ya mke wangu, ile ya maua ambayo haruhusu mtu kuigusa. Jirani aliponiona nimevaa shati la kanisani nimekumbatia hotpoti, akauliza safari ya wapi. Nikamwambia nakwenda Ulaya. Wa Kilosa mnajua kwamba ukitoka Kilosa kwenda Mikumi lazima upite kijiji cha Ulaya, na utani huo ni wa zamani kuliko mimi, lakini siku hiyo niliufurahia kama nimeutunga mwenyewe. Nikapanda bodaboda hadi Kilosa, na kutoka hapo basi dogo, hotpoti iko mapajani.

Hoteli bado ipo, yaani kuta zipo. Jiko letu limekuwa duka la spea za pikipiki. Pale palipokuwa na mafiga ya Bi Tausi wametundika matairi. Baraza halijabadilika, nikakaa. Binti wa dukani akanipa shikamoo, akaniuliza namsubiri nani, nikamwambia basi la kwenda Iringa, wanangu wanapita.

"Babu, mabasi makubwa hayasimami hapa siku hizi," akasema. "Yanakula huko mbele."

Nikamwambia mwanangu kasema anapita. Akaniangalia, hakubisha, akaniletea kiti chenye egemeo.

Nilikaa hapo na jua likapanda. Mabasi yalikuja, yakapunguza mwendo kwenye matuta, yakaongeza mwendo, yakaenda. Kila honi ilipolia niliinuka, mimi niliyefundishwa kutopakua kwa kusikia honi. Kisha likaja basi la rangi aliyoniambia Yona, honi ikalia ndefu, nikashuka barazani na hotpoti mikononi, nikaenda mpaka ukingoni mwa lami. Kumbe dereva alikuwa anamfukuza mbuzi. Basi likapanda tuta la kwanza taratibu, taratibu kiasi kwamba niliona kila dirisha. Niliona kitoto kimebandika pua kwenye kioo. Nyuma yake niliona mwanangu, ameegemea kiti anazungumza na mkewe, halafu akageuka akaniona, na uso wake ukabadilika. Akasimama. Akaweka kiganja kwenye kioo. Madirisha ya siku hizi hayafunguki, vijana. Basi likashuka tuta, likakaza mwendo.

Safari hii sikurudi jikoni, maana hakuna jiko. Nilisimama nikaliangalia basi linavyoondoka mpaka likakata kona. Katika miaka yangu yote Mikumi sikuwahi kuliangalia basi kiasi hicho, na sasa najua kwa nini Bi Tausi alitukataza.

Simu ikalia.

"Baba, ni wewe? Nimekuona. Nimemwomba dereva asimame, amekataa, anasema hawaruhusiwi. Baba, kwa nini hukusema unakuja?"

"Ulisema mnapita."

Nilisikia injini na nilisikia mtoto anauliza yule babu ni nani.

"Nilikuwa na maana tunapita njia tu, baba," akasema polepole. "Ile ni hotpoti ya mama? Umeleta ukoko?"

"Nimeleta."

Akasema, "Nilikuwa sina njaa, baba. Sasa ninayo." Sauti ilimkatika, akakohoa ili nisijue. Halafu akaniuliza swali lao lile la siku zote, kama mwenyewe nimekula.

"Sijala," nikamwambia. "Nilikuwa nawasubiri ninyi. Siku nyingi sijala vizuri, Yona. Nawadanganya kwamba nimekula. Chakula hakipiti nikiwa peke yangu."

Sijui nilipata wapi ujasiri huo, pale barabarani, binti wa spea anasikia. Lakini lilikuwa limeshatoka, na halirudishwi.

Baada ya muda ikaja Costa, basi dogo la Iringa, hizo bado zinasimama. Nikamwendea kondakta na hotpoti. Akauliza ni mzigo gani, nikamwambia chakula. Akauliza cha nani, nikamwambia cha watu waliopita. Nikampa namba ya Yona ili ampigie aje kuipokea stendi, nikamsihi hotpoti isilazwe. Nikabaki na mikono mitupu na shati la kanisani. Binti wa dukani akanikatia nusu ya chapati yake. Niliila yote, kwa sababu tulikula wawili.

Jioni nikiwa nimesharudi Kimamba, Yona alipiga. Safari hii hakuzungumza. Aliiweka tu simu mahali fulani, nadhani mezani, nikasikia vijiko, nikasikia mkewe akicheka, na nikasikia wajukuu zangu wawili wanagombana. Mkubwa alikuwa anamwambia mdogo kwamba msichana akila ukoko, siku ya harusi yake mvua itanyesha. Mdogo alikuwa analia kwamba hajali. Nilisikiliza mpaka salio lake likaisha na simu ikakatika yenyewe, kisha nikaendelea kuishika sikioni.

Basi ninyi mnaohama mikoa na kuzaa watoto, nawaomba jambo dogo. Mkimwambia mzazi kwamba mtapita, semeni mnapita vipi. Na mzazi akisema amekula, mwulizeni amekula na nani.

Hotpoti haijarudi. Mama Eliza ameshasikia habari zake huko aliko, ananiuliza kwa ukali chombo chake kiko wapi. Wiki iliyopita Yona aliniambia ameshaiosha, atampa kondakta wa Costa ailete Mikumi, nami nikaichukue.

Nikamwambia hapana. "Chombo cha watu hakirudi kitupu, na hicho hakipandi basi peke yake. Kilete mwenyewe."

Akasema, "Sawa, baba. Tutapita."

"Kupita kupi?" nikamuuliza.

"Kwa kula, baba," akasema. "Kule kwa zamani."

Hakutaja siku, nami sikumbana. Kila jioni natoa sufuria ndogo, nachota mchele wa mtu mmoja, najiambia leo nitapika kama mtu mwenye akili. Halafu honi inalia huko barabarani, lori au pikipiki, najua kabisa ni lori au pikipiki, na mkono unarudi kwenye gunia kuongeza.